Lukaya ya Mtaa wa Sikukuu

Ukinikuta leo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ukaniomba nikuonyeshe nyumba niliyokulia, nitakuonyesha lifti. Sikutanii. Palipokuwa na chumba cha mama sasa pana lifti ya ghorofa la maduka ya mabegi na mapazia. Siku ya kwanza nilipoipanda nilikwenda mpaka juu bila kuwa na shida na mtu yeyote, nikarudi chini, kisha nikapanda tena. Kijana wa ulinzi akaniuliza, "Mzee, umepotea?" Nikamwambia hapana, nipo nyumbani.

Kabla ya lifti palikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, na ukumbi katikati ulionyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Uani palikuwa na bomba moja, choo kimoja, na wapangaji ambao hesabu yao aliijua mwenye nyumba peke yake. Alfajiri nyumba nzima iliamshwa na vitumbua vya mama: iliki, tui la nazi, mchele ulioumuka usiku kucha. Jua likipanda, harufu nyingine zinachukua zamu. Ng'onda na dagaa kutoka sokoni, mdalasini na bizari kutoka kwa wauza viungo, na mvua ikishanyesha, ile harufu ya mkaa ulioloa ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau.

Soko lenyewe lilikuwa bado jipya. Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975, na sisi watoto tulilitazama kama kitu kilichoshuka kutoka mwezini. Yale mapaa ya zege aliyoyachora Beda Amuli yalikaa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, na mvua ikinyesha yanakinga maji. Tulikuwa tukishuka shimoni, kule chini kwenye vyakula, tunapiga kelele ili tusikie sauti zetu zikiturudia, mpaka mtu atufukuze.

Basi mbele ya nyumba yetu kulikuwa na baraza ya saruji, nyororo kwa kukaliwa, na juu ya baraza hiyo kila jioni vilipiganwa vita viwili. Mkono wa kulia wazee walicheza bao. Mkono wa kushoto, juu ya meza ya vitumbua ambayo mama alikuwa hana kazi nayo mpaka kesho yake, sisi tulipigana Lukaya.

Vijana hawaijui Lukaya. Ukiwauliza vita vya Kagera watakutajia Idi Amin na Daraja la Kyaka, basi. Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, umekaa ukingoni mwa kinamasi kikubwa, na barabara inakipita kinamasi hicho juu ya tuta. Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Machi 1979 kuamkia Jumapili, majeshi yetu yaliyokuwa yameshaiteka Masaka yalikutana hapo na Walibya, ambao Muammar Gaddafi alikuwa amewapeleka kumwokoa rafiki yake. Walikuja na vifaru, na wakaja na ile mizinga ya kurusha makombora mfululizo ambayo Waganda waliita Saba Saba. Walipigana gizani, na asubuhi yake Walibya wakashindwa. Sisi tulijua hayo tu, na kwa mtoto wa miaka kumi na moja hayo yanatosha kuanzisha vita.

Tulikuwa tumeisikia vita hiyo tangu ilipoanza. Novemba 1978 Mwalimu alipozungumza redioni akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, redio ya mpangaji wetu fundi saa iliwekwa dirishani, na mtaa mzima ukasimama mbele ya dirisha kama watu wanaotazama maiti ikipita. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngoma ya taarifa ya habari, kisha mazungumzo baada ya habari, kisha redio mbao. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa na mambo. Malori ya watu binafsi yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari na chakula mbele, na matingo wake walipopata nafasi ya kurudi Dar walikaa Mtaa wa Msimbazi wakisimulia, na kila glasi ya bia iliongeza vifaru kumi. Sisi tulisimama pembeni tukiokota vizibo na habari kwa pamoja.

Sasa ngoja nikuonyeshe ile meza. Ilikuwa ya mbao za mvule, imekunywa mafuta ya miaka mingi hata ukiigusa kidole kinateleza. Juu yake tulitandika gunia la katani lililoloweshwa maji, hicho ndicho kinamasi. Katikati ya gunia tuliinyoosha barabara, na barabara ilikuwa mkanda wa suruali wa mtu ambaye sitamtaja, maana mpaka anafariki hakujua ulikokuwa unakwenda kila jioni. Badala ya matete tulichomeka chelewa, tukazisimamisha kwa vidonge vya udongo. Kopo la maziwa lililofunikwa kifudifudi ndilo mji wa Lukaya. Vifaru vilikuwa viberiti, kila kimoja kimetobolewa kwa msumari na msumari ukaachwa humo kuwa mzinga.

Askari walikuwa vizibo. Coca-Cola, kwa wekundu wake, walikuwa Watanzania. Fanta walikuwa Walibya, kwa sababu rangi ile tuliona ni ya jangwani. Jeshi la Amin lilikuwa vizibo vya bia ya Safari, na hilo tuliamua bila mjadala, kwa kuwa redio mbao ilisema askari wa Amin hawapigani bila kulewa. Kila kizibo kilikuwa na thamani yake. Kilichopindwa na kifungulio kilikuwa askari wa kawaida, lakini kizibo kilichotoka kizima bila mkunjo, jambo la nadra, hicho kilikuwa afisa. Nilikuwa na kimoja cha Coca-Cola, kizima kabisa, nilikiita Jenerali Mutukula. Hilo halikuwa jina nililobuni mimi, ndivyo walivyomwita Meja Jenerali David Musuguri, mkuu wa Divisheni ya 20, baada ya Mutukula kutekwa. Majina ya makamanda wetu yalikuwa utamu mtupu. Silas Mayunga alikuwa Mti Mkavu. John Walden alikuwa Black Mamba, na sisi tusiojua Kiingereza tulilitamka neno moja, Blakimamba, tukidhani ni kabila.

Upande wa Walibya ulikuwa na taabu yake: hakuna aliyeutaka. Ukamwangukia mtoto wa fundi viatu, mdogo kuliko sote, aliyehamia mtaani mwisho na kwa hiyo hana sauti. Akapewa Fanta siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na baada ya wiki mama yake mzazi alikuwa akisimama mlangoni saa moja jioni akiita, "Gadafi! We Gadafi! Njoo uoge!" Jina likamganda. Shuleni Gadafi, kwenye mpira Gadafi, na siku ya harusi yake kadi zilipoandikwa jina lake la kweli kuna watu waliorudia njiani, wakidhani wamealikwa kwa mtu wasiyemjua.

Nimesema ilikuwa vita ya usiku. Hapo ndipo wazee wa bao walipokuwa wakitucheka. Bao, walisema, ndiyo vita ya watu wenye akili: mashimo 32, kete 64, kila kitu kiko mbele yako, atakayehesabu vizuri ndiye atakayekula. Mwalimu mwenyewe mchezaji. Na kweli, bao halina usiku. Huwezi kuificha nyumba yako, na mtaji uliouona wewe na mwenzako ameuona. Sisi tulitaka kitu kingine, tulitaka mtu apigane na asichokiona.

Tukatunga kanuni. Kila mmoja akishapanga jeshi lake, mwamuzi anapuliza kibatari. Puu! Giza, na harufu ya utambi unaofuka moshi inapanda puani. Mwamuzi anahesabu mpaka kumi, polepole, na katika hesabu hiyo kila mtu anasogeza vizibo vyake kwa kupapasa. Ukiangusha cha mwenzako, balaa. Ukikipindua chako mwenyewe, askari wako amekufa na hakuna wa kumlilia. Ikifika kumi mwamuzi anawasha kiberiti, na hapo vinavyogusana vinapigana kwa dadu. Tuliiba dadu ya ludo ya binti wa chumba cha pili. Sita unaua wawili, tano unaua mmoja, moja unakufa wewe.

Sijui kama umewahi kukaa gizani na watoto wengine watano mkiwa hamruhusiwi kusema. Unasikia pumzi. Unasikia bati likikwaruza mbao, krr, krr, wala hujui ni lako au la adui. Mbu anaimba sikioni na huwezi kumpiga kwa kuwa mkono una jeshi. Adhana ya isha inaanza kutoka Msikiti wa Mtoro, na kwa mbali, upande wa Msimbazi, bendi inajaribu gitaa. Kisha mwanga wa njiti, na nyuso sita za manjano zimeinamia meza, na kelele. "Umesogeza baada ya kumi!" "Wallahi sijasogeza!" "Huyu alikuwa hapa!" Mama kutoka ndani: "Mafuta ya taa yanauzwa, nyie!"

Saba Saba tuliitengeneza kwa mpira wa manati na vipande vya chelewa vilivyofungwa pamoja, inarusha kunde. Gadafi aliruhusiwa kupiga gizani mara moja kila usiku, na kila alipopiga, kunde zilipita juu ya vizibo vyetu zikaenda kuangukia mkono wa kulia wa baraza. Mzee mmoja, kinyozi, alikuwa akihesabu kete zake kwa vidole bila kutazama. Usiku mmoja alitakata, akazunguka, akafika mwisho na kunde moja mkononi. Akainyanyua hadi kwenye taa ya chemli akaitazama kwa muda mrefu. Mwenzake akasema, "Hiyo nayo imezaliwa wapi?" Tulikimbizwa kwa bakora mpaka Mtaa wa Mkunguni.

Mjomba alirudi mwishoni mwa 1979. Alikuwa mlinzi wa ghala kabla ya vita, akachukuliwa kuwa mgambo, na miezi mingi tukaishi kwa kuambiwa yuko mbele. Wenzake walirudi na redio kaseti na saa za mkononi. Yeye alirudi na kikohozi na kijiko cha chuma. Sisi tulimngoja kwa hamu ambayo sasa naionea haya, kwa sababu hatukuwa tukimngoja yeye. Tulikuwa tunangoja kumwonyesha Lukaya yetu. Tulijua alikuwako, barua yake moja ilitaja.

Tukamwacha siku tatu apumzike, kama mama alivyoamuru. Ya nne tukapanga meza mapema, gunia tukaliloweka sawasawa, nikaja nikamwamkia.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Tunakuomba barazani. Tunataka utuamulie."

Akaja amejifunga shuka, akaketi juu ya ndoo. Akaitazama meza kimya, akaligusa gunia akaona limeloa, akatikisa kichwa kidogo. Nilidhani anatusifu.

"Hawa wekundu," akasema, "mbona wamesimama?"

"Wanapigana, Mjomba."

"Usiku ule wekundu hawakusimama. Walikimbia."

Hakuna aliyesema kitu. Hata bao lilinyamaza. Redio haikuwa imetuambia kwamba kuna Mtanzania aliyekimbia Uganda, na redio mbao pia, pamoja na ulevi wake wote, haikuthubutu. Gadafi peke yake ndiye aliyepata ujasiri, labda kwa kuwa halikuwa jeshi lake.

"Na wewe, Mjomba?"

"Mimi nilikuwa mbele."

Tukapumua. Kumbe alikuwa mbele! Mjomba akatutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alipomaliza akajifuta macho kwa pindo la shuka. "Mbele ya waliokimbia," akasema.

Halafu akatueleza, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Yale makombora yalipita juu, hayakuwapata. Lakini mlio ule, na anga lote jekundu, ulitosha. Wengi wao walikuwa mgambo. Mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa akipalilia muhogo, alisema, umemsimamisha kando ya kinamasi usiku, mbingu inawaka, asimame kwa nini? Wengine walifuata barabara kurudi njia ya Masaka, wengine wakaingia kwenye matete. Yeye aliingia kwenye matete, maji kifuani. Mlibya hakumwona hata mmoja usiku ule. "Nilichosikia ni vyura," akasema. "Wanapiga kelele, wanapiga kelele, halafu upande mmoja wananyamaza. Ukisikia wamenyamaza ujue kuna mtu anapita. Hujui ni nani. Unangoja waanze tena."

Akainama, akapuliza kibatari. Hakuhesabu. Tulikaa gizani muda ambao sikuwahi kuupima, hakuna aliyesogeza kizibo, na mimi nilikuwa nasikiliza vyura Mtaa wa Sikukuu.

Alipowasha akawa mtu mwingine, mchangamfu, akatutungia kanuni mpya. Saba Saba ikilia, kila mwekundu anapiga dadu, na ikitoka moja au mbili anakimbia, anarudishwa nyuma ya kopo, asihesabiwe amekufa. "Aliyekimbia anarudi," akasema. "Asubuhi tulirudi." Kwa kanuni hiyo mchezo ukawa mzuri mara mbili. Kabla yake tulikuwa tunashinda kila siku mpaka tumechoka kushinda. Sasa jeshi la Coca-Cola lilikimbia hovyo, Gadafi akaingia Lukaya kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akapanda juu ya kiti akiimba.

Palikuwa na jirani yetu mmoja, mwizi wa mchezo. Mkononi alikuwa haaminiki hata kwa karata. Usiku huohuo, kibatari kilipozimwa, alitoa mfukoni mwa kaptura vizibo sita alivyokuwa amevificha tangu mwanzo, akazungusha mkono nyuma ya meza, akavipanga kwenye mkanda wa suruali upande wa Kampala, nyuma kabisa ya Fanta. Njiti ilipowaka Gadafi alilia machozi ya kweli. Sote tulimgeukia yule mwizi, mimi nimeshamkamata shati, na Mjomba akanyanyua mkono.

"Mwacheni. Hivyohivyo ndivyo ilivyokuwa."

Akatueleza kwamba usiku ule kulikuwa na brigedi nyingine, mbali, ikaamriwa izunguke. Ikatembea usiku kucha na alfajiri ikaibuka barabara ya Kampala, mgongoni kwa Walibya. Yule mwizi akatembea kifua mbele mwezi mzima. Mpaka leo anasema yeye ndiye Brigedi ya 208.

Nakwambia haya nikijua utauliza kama Mjomba hakutupambia hadithi. Hata mimi nilijiuliza nilipokuwa mkubwa. Mwaka 1982 Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wawili waliokuwa wakiishi hapa Dar na waliozifuata zile brigedi mpaka Kampala, walitoa kitabu chao kuhusu vita hivyo. Miaka ilipita kabla sijakipata. Nilikisoma kwa kamusi, nikiruka kurasa kutafuta Lukaya, na nilipofika nikawakuta wote. Brigedi ya 201, mgambo wengi ndani yake, inatawanyika. Makombora yanapita juu. Musuguri anawakusanya tena waliotawanyika na kuigeuza ile ya 208. Alfajiri ya tarehe 11 mashambulizi kutoka pande mbili, Walibya wapatao 200 wamekufa. Vyura hawakuwamo.

Mpwa wangu aliyeko Uingereza siku moja alinitumia picha za watu wazima wenye mvi, wamezunguka meza kubwa kama ya benki, wanapigana Waterloo kwa askari wa risasi wadogo kuliko kidole, wamepakwa rangi hata vifungo. Akaniambia mchezo huo una miaka mingi. Maafisa wa Prussia walikuwa nao tangu 1824, na mwaka 1913 H.G. Wells, yule wa hadithi za watu wa Mars, aliuandikia kitabu cha kanuni kwa mizinga midogo inayorusha vijiti vya mbao. Nikamuuliza neno moja tu: vita ya usiku wanaichezaje? Akasema hutumia kadi zilizofunikwa na dadu za kuamua nani kamwona nani. Na taa? Taa zinawaka, Anko. Nikasikitika kidogo kwa ajili yao.

Sisi mchezo wetu haukufa kwa ugomvi. Uliuawa na hali. Baada ya vita Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18, na mikanda ikafungwa ikasahauliwa ilikofungwa. Ikaja foleni ya sukari, foleni ya sabuni, ukaja unga wa njano tuliouita Yanga, nao mashabiki wa Simba wakaula vilevile kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mafuta ya taa yakawa ya kupimiwa kwa kikombe, kibatari hakikuwashwa kwa ajili ya michezo. Soda zikaadimika, na jeshi lisilopata vizibo vipya litapigana na nini? Vilivyokuwapo vikaingia kutu. Jenerali Mutukula alikaa ndani ya kopo la Blue Band chini ya kitanda cha mama mpaka kopo likatakiwa kwa kazi ya maana zaidi. Mjomba alifariki 1986, kikohozi kilekile. Kaboya, kule Muleba, kuna makaburi ya mashujaa wa vita vile, wamejengewa na kuandikwa majina. Mjomba yuko Kisutu, kaburi lisilo na jiwe, na mimi ndiye ninayejua ni lipi.

Kariakoo nayo ikaenda zake. Jina lake lilitokana na vita tangu mwanzo, wapagazi wa Waingereza wa Carrier Corps walipiga kambi hapa baada ya 1916, watu wakalitafuna jina mpaka likawa la Kiswahili. Labda ndiyo maana haikai bila rabsha. Nyumba za vyumba sita zikauzwa moja baada ya nyingine, na siwezi kuwalaumu waliouza, mimi mwenyewe niliweka saini. Baraza zikakatwa ili duka lisogee mbele. Soko la Amuli likaungua Julai 2021, nilisimama mbali nikitazama moshi ukitoka chini ya ile miavuli, na mwanamke aliyesimama kando yangu alikuwa akiyataja kwa sauti ndogo majina ya waliokuwa na vizimba ndani, kama anayesoma hitima.

Gadafi bado yupo. Ana duka la simu Mtaa wa Aggrey, mzee wa heshima, amehiji. Ile Oktoba 2011 Gaddafi wa Libya alipouawa, simu yake haikupumzika siku nzima, watu wanampa pole. Alikasirika asubuhi, mchana akacheka, jioni akaanza kujibu, "Asanteni, matanga ni kwangu."

Tarehe 29 Oktoba 2024 Jenerali Musuguri alifariki, akiwa na miaka 104. Niliposikia nilikwenda moja kwa moja kwa Gadafi. Hatukusema mengi. Alimtuma kijana dukani, soda nyingi sasa ni za chupa za plastiki, kijana akazunguka mpaka kwa muuza chakula mwenye chupa za kioo, akarudi na vizibo kumi na vinne vyenye mchanganyiko wowote. Tukavipanga juu ya kabati la vioo, juu ya simu za Kichina. Dadu tuliipata. Giza ndilo tuliloshindwa. Alizima taa za duka, lakini taa za ghorofa la ng'ambo zikaingia, matangazo yanawaka na kuzima, nyekundu, buluu, na vijana wake wawili wakawasha tochi za simu kutusaidia, wakidhani umeme umekatika.

"Mwaka huu," Gadafi akasema, "nipe Coca-Cola."

Miaka arobaini na mitano hakuwahi kuiomba. Nikamsogezea. Mimi nikachukua Fanta, nikafinya mdomo nikapiga mlio wa Saba Saba, wale vijana wakatazamana. Akaitikisa dadu kwenye viganja, akasoma bismillahi, akaitupa. Ikazunguka juu ya kioo, ikagonga kalkuleta, ikatulia kwenye moja.

Brigedi yake ilikimbia yote. Ukipita Aggrey ukamkuta, tafadhali usimwambie kuwa nimekwambia.